Spika akikupeleka Kamati ya Maadili, ndo umeshapatikana na hatia?

Karibuni tena kwenye ukurasa wa maswali ya wasomaji. Maswali ya viwanja na mirathi nimeyaweka pembeni mwezi huu (yatarudi, msinipigie simu) kwa sababu meseji nyingi zilizoingia zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti tofauti, haki na kinga za Bunge, na Spika anaamuaje pale mtu akilalamika zimevunjwa. Nadhani ni klipu za zamani za Bunge zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maana kuanzia Igoma mpaka Nansio watu wanabishana mambo yaleyale. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Hapa Mwaloni Kirumba tumebishana mpaka magunia ya dagaa yakapakiwa yote kwenye fuso na bado hatujaelewana. Mwenzangu anasema Spika akishatamka mbunge fulani aende Kamati ya Maadili basi huyo kaisha, ni kama hakimu kasoma hukumu. Mimi nasema bado. Tumewekeana kreti ya soda. Nani analipa? — Mama wa dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mama. Kreti analipa mwenzako, ila mpunguzie kidogo kwa sababu ana robo ya ukweli na hiyo robo ntaifikia.

Spika anapoletewa malalamiko kwamba haki za Bunge zimevunjwa, iwe mbunge katishiwa asiseme, iwe waziri kadanganya, iwe mtu wa nje kalidharau Bunge, kazi yake ya kwanza siyo kuamua nani mkosaji. Anajiuliza vitu vichache tu. Hili jambo linagusa haki za Bunge kweli au ni mheshimiwa kaudhika tu? Limeletwa mapema au mtu kalikalia miezi akasubiri siku ya kumkomoa mwenzake? Na ukiliangalia juu juu, bila kuita shahidi hata mmoja, kuna kitu hapo cha kuchunguzwa? Akiona kipo anafungua mlango, akiona hakipo anaufunga, basi. Ni kama yule nesi wa pale dirishani hospitali, anakupima presha na joto anaamua uingie kwa daktari au urudi nyumbani, unaumwa nini hajakwambia na wala siyo kazi yake.

Mabunge mengi yaliyorithi utaratibu wa Waingereza yanaenda hivyo, na wenzetu wa Kanada wameliweka wazi kuliko wengi. Tarehe 27 Aprili 2010 Spika wao Peter Milliken alikuwa na mzozo mzito, wabunge wanataka nyaraka kuhusu mahabusu waliokamatwa Afghanistan, serikali inasema hizo ni siri za usalama hatutoi. Watu wakawa wanamngoja aseme nani mkosaji, hakusema. Alichosema ni kwamba Bunge lina haki ya kuagiza nyaraka, na kwamba kwa sura yake malalamiko yana msingi, halafu badala ya kuruhusu kura siku ileile akawapa wiki mbili wakae chini watafute namna ya kuzisoma zile nyaraka bila kuhatarisha usalama. Na wakakubaliana! Mimi katika maamuzi ya maspika niliyowahi kuyasoma huo ndo naupenda kuliko yote, maana mtu angeweza kuwasha moto akachagua kuwapa maji.

Sasa turudi Dodoma. Kamati yenyewe jina lake kamili ni Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Ukipelekwa kule unaitwa, unahojiwa, unajitetea, kamati inaandika ripoti yenye mapendekezo, ripoti inarudi bungeni, wabunge wanajadili, ndo linapita azimio. Kwa hiyo anayekutia hatiani ni Bunge zima na siyo sauti ya Spika peke yake. Na Bunge halifungwi na kamati, muulize Stephen Masele aliyekuwa mbunge wa Shinyanga Mjini hapo jirani, Mei 2019 kamati ilipendekeza asimamishwe mikutano mitatu, akasimama akaomba radhi, Bunge likamsamehe. Angekuwa kashahukumiwa na Spika kabla, ule msamaha ungetoka wapi?

Robo ya ukweli ya mwenzako ni hii. Kule Kanada Spika akishafungua mlango, mbunge ndo anatoa hoja na Bunge linapiga kura kama jambo liende kamati au lisiende. Kwetu Spika anaweza kuipelekea kamati moja kwa moja, kwa hiyo neno lake lina uzito mkubwa zaidi, na tukisema ukweli wengi tunaosikia wameitwa kule baadae tunawasikia wamesimamishwa. Agosti 31, 2021 Josephat Gwajima na Jerry Silaa walitoka na mikutano miwili kila mmoja. Na mkutano siyo kikao cha siku moja, ni ule msimu mzima wa Bunge, wiki na wiki. Ndo maana mwenzako anaona kama mlango ule ukishafunguliwa hamna kurudi. Mwambie akulipe nusu kreti.

SWALI: Mwangaluka kaka. Hivi mbunge akisimama anasema "kuhusu utaratibu", mwingine "taarifa", mwingine "mwongozo", hizo zote si ujanja tu wa kumkatisha mwenzake? Na hiyo ya haki za Bunge inaingilia wapi? — Bodaboda, Buhongwa

JIBU: Mwangaluka dogo. Ujanja upo mwingi sana ila vyenyewe ni vitu tofauti.

Angalia vizuri siku ukiwa na bando. Mbunge anachangia, dakika zake zinakimbia, mara mwingine kule nyuma anasimama anabonyeza maiki, "Mheshimiwa Spika, taarifa!" Akiruhusiwa, aliyekuwa anaongea anakaa chini, anapewa ile taarifa, halafu anaulizwa unaipokea? Hapo ndo unasikia "siipokei Mheshimiwa Spika" na makofi. Ile ya kuhusu utaratibu ni kali zaidi, ni kudai kwamba kuna kanuni inavunjwa sasa hivi, na swali la kwanza kutoka kwenye Kiti huwa kanuni ipi. Asiyeijua kanuni anarudi kukaa ana aibu zake. Mwongozo ni kuuliza, Spika anaweza kujibu palepale au akasema ntautoa baadae, na wakati mwingine hiyo baadae inachukua muda mpaka watu wanasahau waliuliza nini.

Hoja ya haki za Bunge iko juu ya hivyo vyote. Siyo ya kurukia, mbunge anatakiwa amtaarifu Spika mapema anataka kulalamikia nini, na ikikubaliwa inapewa nafasi mbele ya shughuli nyingine. Hilo la kupewa nafasi mbele msilichukulie poa. Kanada tena, Septemba 26, 2024 Spika Greg Fergus aliamua kuna msingi kwenye malalamiko kwamba serikali haijatoa nyaraka za mfuko mmoja wa teknolojia ya mazingira kama Bunge lilivyoagiza. Kwa kuwa jambo la haki linatangulia, mjadala wake ukalikalia Bunge wiki kwa wiki mpaka mwaka ukaisha, shughuli za serikali zimekwama, na Januari 6, 2025 Bunge likaahirishwa kabisa. Na Fergus alitoka chama kilekile cha serikali! Uamuzi wa dakika chache, foleni ya miezi.

SWALI: Mimi ni mwalimu huku Meatu. Mbunge wetu wa Kisesa wakati ule aliambiwa alete ushahidi akaleta, tena kwa wakati, mbona aliyeadhibiwa ni yeye na siyo waziri aliyetuhumiwa? Naomba jibu bila kuzunguka.

JIBU: Bila kuzunguka mwalimu, ni kwa sababu kosa aliloadhibiwa siyo lile mlilokuwa mnalifuatilia nyie.

Juni 2024 Luhaga Mpina alisema bungeni kwamba Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kalidanganya Bunge kwenye mambo ya vibali vya kuagiza sukari. Sasa kwenye kanuni zetu ukimuita mwenzako mwongo, mzigo unahamia kwako, thibitisha. Spika Tulia Ackson akampa mpaka Juni 14, akapeleka. Mpaka hapo kila kitu kimeenda sawa. Ila akaita na waandishi wa habari akauanika ule ushahidi kabla Spika hajautolea uamuzi, na hapo ikazaliwa kesi ya pili, ya kudharau mamlaka ya Spika na Bunge. Hiyo ndo ilienda kamati, na Juni 24 Bunge likamsimamisha vikao 15, mkutano wa bajeti wenyewe ukiwa ukingoni.

Kikanuni najua walikopita. Jambo likiwa mbele ya Spika au kamati hulipeleki barabarani, hata mabunge ya wenzetu hawapendi ripoti ivuje kabla ya kusomwa. Lakini mwalimu na mimi nina macho. Wananchi walikuwa na swali moja, waziri kadanganya au hajadanganya, na kelele zote zikahamia kwenye swali la pili, Mpina kakosa adabu au hajakosa. Spika mwenye busara anapaswa kuyatenganisha hayo mawili mbele ya watu, ajibu la kwanza kwa uzito uleule anaojibia la pili, la sivyo mtu wa Meatu anayenunua sukari kwa kilo atabaki anaamini adhabu ilikuwa ni jibu.

Na siyo mara ya kwanza kwa mambo ya huku Kanda ya Ziwa. Wazee wa Kahama wanakumbuka Buzwagi. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, Agosti 2007 alitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi ule uliosainiwa na Waziri Nazir Karamagi kule London, hoja ikakataliwa, kikao kikageuka akaambiwa yeye ndo kasema uongo, akasimamishwa mpaka Januari 2008. Nini kikafuata? Watu wakamjaa kwenye mikutano, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaunda Kamati ya Bomani kuangalia mikataba ya madini na Zitto akawemo humo ndani. Hoja iliyofungiwa mlango Dodoma ikaingilia dirishani.

SWALI: Babu yangu anasema kuna mtu wa Ukerewe alikuwa Spika, wenzangu wananicheka. — Form four, Nansio

JIBU: Wacheke wao. Pius Msekwa, mzaliwa wa Ukerewe, Spika kuanzia 1994 mpaka 2005. Na kabla ya hapo alishakuwa Katibu wa Bunge miaka ya 60, yule anayekaa mezani mbele ya Spika na kumnong'oneza kanuni inasemaje, kwa hiyo alipokalia Kiti alikuwa anazijua kanuni kwa ndani. Msalimie babu, mwambie wabeja (asante).

SWALI: Mbunge akisema jina la mtu bungeni kwamba ni fisadi hashtakiwi. Akija Furahisha kwenye mkutano wa hadhara akarudia maneno yaleyale, kinga inamfuata? — Msomaji, Nyamanoro

JIBU: Haimfuati. Ibara ya 100 ya Katiba inasema uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge hauhojiwi na mahakama wala chombo kingine nje ya Bunge, na mbunge hashtakiwi kwa alilosema au kulifanya bungeni. Furahisha siyo bungeni. Pale jukwaani ni raia kama wewe mwenye maiki tu, ukimchafua mtu anakupeleka mahakamani.

Watu wengi hawajui kwamba ile kinga siyo mali ya mheshimiwa binafsi kama ilivyo shangingi lake. Ni ya Bunge, ili kazi ifanyike bila woga. Ndo maana mbunge akienda kwa Spika kulalamika kwamba askari wa usalama barabarani kamsimamisha pale Mkuyuni, Spika anayejua kazi atamuuliza hilo limezuia vipi kazi yako ya kibunge? Akikosa jibu, malalamiko yameishia hapohapo. Na kinga hiyohiyo ina mwenyewe wa kuiangalia, kwa sababu mahakama haiwezi kukuadhibu kwa uongo uliosema mule ndani, inabidi Bunge lijiadhibu lenyewe. Uingereza wamefika mbali, Aprili 2022 Spika Lindsay Hoyle aliruhusu hoja, Bunge likampeleka Boris Johnson akiwa bado Waziri Mkuu kwenye kamati yao ya haki, kamati ambayo wengi wa wajumbe wake walikuwa wa chama chake mwenyewe. Juni 2023 ikasema kalidanganya Bunge, wabunge wakaipitisha ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7. Yeye alishaukimbia ubunge siku chache kabla.

SWALI: Mi siyo mbunge wala sina mpango. Nikiandika Facebook kwamba Bunge ni dhaifu, naweza nikaitwa Dodoma kweli? — Kijana wa Igoma

JIBU: Kuitwa unaweza, sheria inaruhusu. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge haichagui, inamgusa mbunge na asiye mbunge, na ukiitwa kihalali kama shahidi ukagoma hilo nalo ni kosa. Mwaka 2017 hata wakuu wa mkoa na wilaya waliitwa, Paul Makonda na Alexander Mnyeti, wakaenda kuhojiwa. Kwamba Bunge litahangaika na posti yako yenye laiki za mashemeji zako, hiyo sidhani.

Ila neno lako hilo hilo la "dhaifu" lina historia. Profesa Mussa Assad akiwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa huko New York mwishoni mwa 2018, akaulizwa mbona ripoti zake hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai akatangaza aje mbele ya kamati, asipokuja kwa hiari aletwe kwa pingu. Alienda Januari 21 akahojiwa. Aprili 2 Bunge likapitisha azimio la kutofanya kazi naye.

Mimi shida yangu na ile kesi siyo kuitwa. Shida ni kwamba Spika alishatoa hasira zake hadharani kabla kamati haijakaa, sasa wajumbe wa kamati wanaingia kwenye kikao wanajua bosi anataka nini. Milliken niliyemtaja juu alijibana asiseme nani mkosaji, na huo ndo ufundi wenyewe, ukishaonyesha upande hata uamuzi wako ukiwa sahihi mia kwa mia watu hawatauamini. Na wabunge nao, ukimwita mtu kwa kusema wewe ni dhaifu, jibu la kumshangaza lingekuwa kuzichukua ripoti zake na kuzifanyia kazi ukurasa kwa ukurasa.

SWALI: Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni) huku kisiwani Kome. Kwenye vikao vyetu mjumbe akisema fulani anatumia nyavu haramu basi anatukanwa mpaka anaogopa kuongea tena, na mwenyekiti anaangalia tu. Tunaweza kuiga hizi kinga za Bunge? Nimeambatanisha rasimu. — Katibu, Kome

JIBU: Kinga ya kisheria kama ya Bunge hamuwezi kujipa katibu, hiyo inatoka kwenye Katiba ya nchi, mjumbe wenu akimzushia mtu uvuvi haramu bado anaweza kushtakiwa. Ila utaratibu mnaweza kuiba wote.

Muandike kwamba mjumbe akitishiwa kwa alichosema kikaoni anamwandikia mwenyekiti kabla ya kikao kinachofuata, siyo baada ya miezi sita. Mwenyekiti anaamua kitu kimoja tu, linafaa kusikilizwa au halifai, na sababu yake aisome mbele ya kikao iandikwe kwenye muhtasari. Likifaa wateueni watu watatu wasiovua na walalamikaji wala walalamikiwa (najua Kome mnafahamiana wote, jitahidini) wasikilize pande mbili walete majibu, halafu kikao kizima kiamue. Anayelalamikiwa akiwa ni mwenyekiti mwenyewe, kiti anakalia makamu. Na asiyeridhika awe na pa kwenda, bungeni mbunge asiyekubaliana na uamuzi wa Spika anapeleka sababu zake kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge zinaenda Kamati ya Kanuni, nyie pelekeni hata serikali ya kijiji.

Kipengele chako namba nne, kile cha faini ya papo kwa papo "atakayoona mwenyekiti inafaa", kitoe. Hapo umempa mtu mmoja mlango, kamati na kura vyote kwa pamoja, na ndo kitu hichohicho mama wa dagaa na mwenzake walikuwa wanabishania. Rasimu ukishairekebisha nitumie tena nitaipitia, ila safari hii ichapwe, ile picha ya daftari kurasa mbili za mwisho zina kivuli cha mkono hazisomeki.